Ufunguo wa Choo cha Dobi

Mama Pasi alipiga pasi kwenye duka la dobi lililoanzishwa na mumewe. Mume alipofariki, duka lilikwenda kwa mdogo wake, kwa sababu ambazo ukoo mzima ulizielewa: shemeji huyo alilia sana msibani, na alikuwa mwanamume. Mjane naye hakuachwa hivi hivi. Aliachiwa pasi.

Shemeji alikuwa mtu wa utaratibu. Choo kilikuwa nyuma ya duka, na ili kisichafuliwe na wateja, wafanyakazi na binadamu kwa jumla, alikifunga, ufunguo akauweka kwenye mfuko wa shati. Aliyebanwa alikwenda kaunta, akasubiri wateja wahudumiwe, kisha akaomba mbele yao. Shemeji aliuliza kwa upole, "Tena?" Neno moja tu, lakini mwanamke mwenye haya hataki kulisikia mara mbili kutoka kwa shemeji yake.

Basi wanawake wa duka lile wakajifunza kutokunywa maji, na Mama Pasi akawa bingwa wao. Alisimama kwenye mvuke tangu asubuhi, jasho likimtiririka hadi kiunoni, na tone la maji halipiti kooni. Shemeji alimsifu mbele ya wenzake kuwa ni mfano wa kuigwa. Nyongeza ya mshahara hakuitaja; kugawa sifa kulimtosha.

Siku moja maumivu yalimshika ubavuni, yakashuka hadi kwenye kinena, akajikunja juu ya meza kama shati lililokwisha kupangwa. Shemeji alikuja mbio, akaokoa suruali ya mteja isiungue. Aliyempeleka zahanati ni mfuaji mwenzake wa dukani, mikono bado ina povu.

Nesi alimweleza taratibu. Maji yakipungua mwilini, figo huyabana yaliyobaki ili damu isikose. Mkojo hutoka kidogo, mzito, wa rangi ya chai isiyo na maziwa, na chumvi zilizomo huganda zikawa vijiwe. Kimoja kilikuwa njiani kutoka. Akiendelea kukaa mkavu vitakuja vingine, na figo zenyewe zinaweza kuharibika. Anywe maji ya kutosha.

Mama Pasi alitii kwa namna yake. Mchana alikaa mkavu kama kawaida, jioni akifika nyumbani anamaliza jagi kwa mkupuo, anajaza jingine, kama mtu anayejaza pipa kwa kusikia bomba litafungwa. Usiku akawa kiguu na njia. Asubuhi kichwa kinagonga na moyo unachafuka, na mchana mkojo ni ule ule.

Aliporudi zahanati kueleza, nesi alicheka mpaka akavua miwani.

"Dada yangu, figo si pipa. Ukizimwagia maji kwa pamoja, zinayatoa kwa pamoja, kesho unaanza mkavu upya. Na ukiyazidisha, chumvi ya damu inakuwa nyepesi, ndiyo maana kichwa kinagonga. Kunywa kidogo kidogo mchana, wakati jasho linatoka."

"Mchana kuna shemeji."

"Shemeji ni ugonjwa gani?"



Kesho yake aliweka chupa ya maji kando ya pasi, akawa anapiga funda kati ya shati na shati. Kabla ya adhuhuri alikuwa kaunta kwa mara ya pili. Pembeni palisimama mteja akisubiri suti ya harusi yake.

"Tena?" akauliza shemeji.

"Tena. Na baadaye tena."

"Mbona zamani ulikuwa unavumilia?"

"Nilivumilia nikapata mawe. Nikuletee ujengee?"

Mteja akakohoa. Shemeji akashusha sauti, akamshauri kindugu apunguze maji. Mama Pasi hakushusha yake. Alisema pasi ameshaizima, koti la bwana harusi limenyooka mkono mmoja, na yeye anakwenda kuomba choo kwa jirani muuza vitambaa. Huko ataulizwa sababu, na kudanganya hajazoea.

Shemeji alitazama koti, akamtazama mteja, akatoa ufunguo kwa vidole viwili kama anayetoa figo yake mwenyewe.

Mama Pasi hakuurudisha. Aliutundika kwenye msumari juu ya meza yake, akawasha pasi, akanyoosha mkono wa pili. Baadaye mfuaji alipita, akautazama ufunguo, akamtazama shemeji aliyejifanya anapanga risiti, akauchukua bila kuomba ruhusa. Aliporudi alivuta stuli, akauliza kama kwenye chupa kumebaki maji.