Marehemu wa Mgeni Kwanza

Wanunuzi binafsi walipoingia kwenye biashara ya kahawa, ushirika wetu ulianguka, nami karani wake pale Mbinga nikaanguka nao. Nikarudi kwa babu, Mbamba Bay, kula dagaa wa usipa na kulalamika. Ndipo alipokuja Mwingereza aliyekuwa akiandika kitabu juu ya babu yake, ofisa wa jeshi la majini, aliyeongoza meli ya mizinga kwenye ziwa letu Mwingereza alipokuwa akipigana na Mjerumani. Nikawa mkalimani.

Babu alifurahi hadi nikamwonea huruma. Kaka yake alikuwa akichochea moto katika meli ile. Bomba la mvuke lilipasuka, akaungua, akazikwa ng'ambo ya ziwa bila alama yoyote.

“Mjukuu wangu,” aliniambia asubuhi ya mahojiano, “jina lake likiingia kitabuni, nitakuwa nimemzika.”

Lakini ukoo wetu una adabu yake. Marehemu wa mgeni husifiwa kwanza, na wewe unamtaja wako pale tu mgeni atakapokuuliza, “Na ninyi, mlipoteza nani?”

Babu akaanza. Ofisa alikuwa na moyo mweupe, aligawa chumvi, alizijua bahari zote hadi Uchina. Uongo mtupu! Nyumbani alikuwa akitusimulia jinsi bwana huyo alivyowachapa viboko waliochelewesha kuni za meli. Kila alipomaliza sifa moja alisubiri kuulizwa. Mgeni hakuuliza, akabadilisha kaseti. Babu akaongeza sifa.

Niliona yote. Sentensi moja yangu kwa mgeni ingetosha. Niliona aibu kumkatiza mzee, na niseme kweli, nilitumaini pia kwamba mgeni angenipatia kazi. Nikaendelea kutafsiri.

Meli ya abiria ikapiga honi. Mgeni akafunga mashine yake, akaaga. Babu akamshika mkono, hakumwachia.

“Mwulize kama hana swali jingine.”

Nikamwuliza. Mgeni akatazama saa, akasema ametosheka kabisa, mzee ahsante sana.

Siku ile babu hakula. Alifariki kabla ya mvua kuanza.

Kitabu kilikuja kwa posta miaka miwili baadaye. Maisha yote ya ofisa yamo, tangu alipoingia melini akiwa kijana mdogo, vyeo, nishani, hadi mazishi yake ya heshima. Babu yangu naye yumo, mistari mitatu: mzee mmoja wa ziwani aliyekiri kwamba watu wa pale walimpenda ofisa kama baba yao. Maneno ni yangu, jinsi nilivyoyatafsiri. Nilijichukia.

Nikachukua kalamu, angalau niandike jina la yule kaka pembeni mwa ukurasa. Sikuwa nalo. Maisha yake yote babu alimwita “kaka”, maana mkubwa haitwi kwa jina, na mimi sikuwahi kumwuliza. Nimezunguka kwa wazee wote waliobaki, hadi kijiji cha Matiri, kwa ndugu wa upande wa bibi. Hakuna anayelijua.