Kikapu Katikati ya Mto Tana

Zamani, kabla ya daraja, kivuko cha Garissa kilikuwa katikati ya Tana wakati mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe alipotia mkono kwenye koti lake na kupiga kelele, "Wallahi, pochi yangu imeibiwa!"

Wavuta kamba wakaacha kuvuta. Kivuko kikabaki kikiyumba juu ya maji mekundu, nasi tukawa tunatazamana mikono.

Askari mmoja aliyekuwa abiria kama sisi akachomoa rungu. "Mtu mzima unaibiwaje? Pesa zinafungwa kiunoni! Sasa nitawavua nguo mmoja mmoja, na mwizi ataogelea na mamba."

Niliona wanaume wawili wakishika visu vyao. Hapo mama muuza maziwa akatoa kikapu kitupu, akakifunika kwa mtandio.

"Askari, ngoja. Wanawake tuko hapa. Kila mtu atie mkono ndani. Mwenye kitu ya mtu aache huko."

Mikono ikaingia na kutoka, wa askari pia. Mama akafunua kikapu. Ndani mlikuwa na pochi mbili.

Mfanyabiashara akachukua yake.

"Na hii ya nani?" mama akauliza.

Kisha askari akapapasa mfuko wa nyuma wa kaptula yake, akanyoosha mkono kuipokea bila kumtazama mtu.

Kamba ikavutwa. Mwizi tulishuka naye ng'ambo, na hadi leo simjui. Lakini msinifundishe kumdharau: angeweza kurudisha moja tu.