Fundi Pini na Bwana Kimya

Wateja walimwita Fundi Pini, na jina likamkaa. Tangu asubuhi hadi jioni alibana pini nne tano kati ya midomo, tayari kuchomeka pindo la mtu. Ukimuuliza kitu alikuitikia "mm", na mm yake ilikuwa na maana zote: ndiyo, hapana, gauni lako bado, njoo kesho. Pini zilitoka wakati wa kula tu, au wa kugombana na mteja aliyenenepa akadai nguo ndiyo iliyopungua.

Mwanawe alishinda kwenye kapu la vipande vya vitambaa kando ya cherehani, hamsumbui mtu. Wateja wakambatiza Bwana Kimya.

"Fundi, una bahati wewe! Wangu akianza kelele, majirani wanataka kuhama."

Naye akavimba kichwa. Sifa tamu, jamani, na zilimziba macho kabisa. Jioni taya zilimuuma, akamnyonyesha mtoto kimya, wakalala. Baba mtu, dereva wa lori, alirudi mara moja kwa wiki mbili, akamkuta mtoto amelala, akamwacha alale.

Mtoto alipofikisha miezi kumi na minne, muuguzi wa kliniki alimpima uzito, akaridhika. Kisha akauliza, "Anasema nini sasa? Mama? Baba?"

"Bado, sista. Ni mpole."

"Hata kubwabwaja? Ba-ba-ba?"

Fundi akatikisa kichwa. Muuguzi akachezesha funguo nyuma ya mtoto, naye akageuka upesi. Masikio mazima. Basi akamwinamia, akasema kwa sauti nyembamba ya kuvutavuta, "Nani huyu mwenye mashavu? Eeeh? Nani huyuuu?"

Mtoto akamkodolea macho mdomoni. Kisha akabana midomo yake, akainamisha kichwa kidogo, akajibu, "Mm."

Fundi Pini akaitambua. Ilikuwa mm yake mwenyewe, haijapungua kitu.

"Mama, huyu humsemeshi," muuguzi akasema. Hakumfokea, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Niliona maneno ya kitoto ni upuuzi. Nikasema nitaongea naye akishaanza kuelewa."

"Ataelewa kwa kipi? Watoto hushika maneno kwenye upuuzi huohuo. Vuta maneno, rudia, halafu ungoje akujibu, hata kwa kelele. Umrudishe baada ya miezi mitatu."

"Nimemharibu, sista?"

"Sijui bado," muuguzi akasema. Hakuwa mtu wa kumpaka mwenzake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Siku hiyo cherehani haikufunuliwa. Fundi alifunga mlango na dirisha, maana aliona haya, mtu mzima na akili zake kuongea vile. Akampakata mtoto uso kwa uso.

"Nani mtoto wa mama? Eeeh? Nani huyuuu?"

Sauti ilitoka na mikwaruzo. Mtoto akamtazama, midomo ikaanza kumtetemeka. Halafu akaangua kilio, akijinyonganyonga na kunyoosha mikono kuelekea mlangoni, kama alivyolia kila alipobebwa na mtu asiyemjua.

Fundi alijua dawa ya kilio kile. Angenyamaza tu, amkumbatie, na mtoto angetulia mara moja kama siku zote. Alitamani sana kunyamaza. Akajifuta machozi kwa kiganja, akaanza tena.

"Nani huyuuu?"