Fundi Alipoacha Utani

Kila asubuhi fundi huliamkia gari kabla ya kuligusa, "Shikamoo, bibi kizee," kisha huigusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na kutega sikio kwenye mpini wake. Siku moja ilikuwa zamu ya pikapu kuukuu ya mzee mmoja, na binti yake aliyeileta alicheka, ingawa roho ilikuwa mkononi: kesho yake lazima impeleke mama yake hospitali, ng'ambo ya mlima, akapasuliwe. Injini ilitetemeka kama mwenye homa. Fundi akachomoa nyaya za plagi mmoja mmoja, akisikiliza, akitania. Wa kwanza na wa pili, injini ilizidi kutetemeka; alipochomoa wa tatu, mtetemo haukubadilika hata kidogo. Silinda hiyo ilikwisha kufa. Utani ukamwisha, akafuta mikono polepole, kidole baada ya kidole.

"Fundi, itatupandisha mlima?"

"Binti yangu, mimi mama yangu nisingempakia."