Kengele ya Mtaro

Miaka ile ya tisini nilikuwa kibarua wa mjengo katika Eneo la Viwanda la Thika. Tulikuwa tunachimba msingi wa ghala, mtaro uliommeza mtu mzima akasimama ndani asionekane. Kila asubuhi nilitoka kwangu Ruiru nikimwomba Mungu aushikilie udongo ule, maana mbao za kuushikilia tajiri aliziona ni ghali.

Siku moja injinia akatuletea kifaa. Alinyoosha waya mwembamba ukingoni, akauunganisha na betri na kengele. Udongo ukisogea hata kidogo, alisema, waya utavutika, kengele italia, nasi tutoke mbio. Nilifurahi sana, sitaficha. Hatimaye palikuwa na kitu pale kilichojali kama nitafika jioni, hata kama ni waya.

Tajiri naye alikipenda. Injinia alipoenda zake, akamwita nyapara.

“Hii kengele inafanya nini huku kwa shimo? Udongo utaibiwa na nani? Simiti ndiyo inaibiwa!”

Nyapara, mtu aliyekubali kabla ya kuulizwa, akang’oa waya akaufunga kwenye mlango wa stoo.

“Na sisi je?” nikamuuliza.

“Si muko na macho? Angalieni.”

Basi tukaangalia. Mvua ikanyesha Jumapili, na Jumatatu, kabla ya chai, ukuta wa mtaro ukanishukia. Udongo ulinifika kifuani. Pumzi ilitoka ikakataa kurudi. Niliogopa vile sijawahi kuogopa tena.

“Ngai! Leteni sepeto!” wenzangu walipiga kelele. Zetu zilikuwa zimefukiwa pamoja nami, zingine zilikuwa stoo. Wakakimbia, wakasukuma mlango.

Kengele ikalia. Ililia vizuri ajabu, injinia angejivunia. Tajiri, ambaye hatukuwahi kumwona akiharakisha, alitoka ofisini mbio. Niliviona viatu vyake vikipita ukingoni, vinang’aa, vikielekea stoo bila kusimama.

Wenzangu walinichimbua, wengine kwa mikono. Mguu wa kushoto haujapona vizuri mpaka leo. Nilikuwa nimelazwa juu ya mchanga, nikitema udongo, tajiri aliporudi akijipangusa jasho kwa kitambaa.

“Tumshukuru Mungu,” alitutangazia. “Hakuna mfuko hata mmoja umepotea.”