Mkono wa Dirishani

Alwyn Pascoe alikuwa na mikono miwili isiyofanana. Wa kushoto ulikuwa laini na mweupe kama mkono wa karani. Wa kulia ulikuwa na rangi ya tofali, umejaa madoa, kwa kuwa kwa miaka mingi aliuegemeza kwenye dirisha la basi la shule ya Kurrabie aliloliendesha asubuhi na alasiri, na jua la nchi ya ngano likaula taratibu bila mwenyewe kuhisi kwamba analiwa. Wakulima wenzake wote wa huko wana mkono wa namna hiyo. Hawautazami, kama wasivyotazama visigino vyao.

Mwezi wa Machi daktari wa mji alikata doa jeusi lililokuwa chini kidogo ya kiwiko cha mkono huo, akalipeleka likachunguzwe. Likarudi na jina: saratani ya ngozi, tena ile iliyo kali kuliko zote katika jamii yake. Alwyn akapelekwa hospitali kubwa ya Adelaide, nyama ikachimbwa kwa upana na kwa kina, na shimo likafunikwa kwa kipande cha ngozi kilichotolewa pajani.

"Tumeondoa yote tuliyoyaona, Bwana Pascoe," alisema daktari bingwa, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. "Lakini kwapani kuna tezi moja sijaridhika nayo. Utarudi mwezi wa Mei tuipige picha."

"Haya," alisema Alwyn. "Nashukuru."

Nje, mkewe Noelene alikuwa akimsubiri kando ya gari, funguo mkononi. "Wanasemaje?"

"Wamemaliza."

Hakuwa mtu wa uongo. Alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri la Kurrabie, na ulimi wake aliuchunga kama watu wengine wanavyochunga akiba. Neno lile lilimtoka kama kikohozi kinavyomtoka mtu, na lilipokwisha kutoka hakuona sababu ya kulirudisha.

Kilichofuata hakikuwa hofu, au basi hakikuwa na sura ya hofu aliyokuwa akiijua. Hofu aliijua: aliwahi kuuona moto ukija mbio juu ya ngano iliyoiva, roho ikamdunda hadi masikioni. Hiki kilikuwa kitu kingine. Kile kipande cha ngozi kilichobandikwa hakikuwa na hisi yoyote. Ungeweza kukigusa kwa ncha ya uma asijue. Na ikawa kana kwamba ganzi ile imepanda begani, ikashuka kifuani, ikaenea. Nyama ya kondoo ilikuwa na uzito mdomoni, haina ladha. Watoto walipiga kelele ndani ya basi, akazisikia kama kelele za jirani wa mbali. Kanisani aliungama imani pamoja na wenzake, midomo ikitangulia na moyo ukibaki nje kama mtu aliyechelewa ibada.

Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa na shughuli zake. Ulikwenda wenyewe kwapani, ukabonyeza, ukatafuta. Ulikwenda wakati wa mahubiri, ulikwenda mezani, ulikwenda basi likiwa linapakia watoto. Mara ulikuta kitu kama punje ya kunde, mara haukukuta kitu, na katika hali zote mbili uso wake haukubadilika. Bafuni alikaa muda mrefu akipekua madoa ya miguuni kwa kioo cha kunyolea ndevu, kisha akafunga vifungo vya mikono ya shati hadi mwisho na kutoka. Ungemwuliza kama ana wasiwasi angekuambia hana, na angekuwa ameapa kweli.

Siku ya kurudi Adelaide ilipangwa kuwa Alhamisi moja ya katikati ya Mei. Hakuazimia kutokwenda. Alikuwa akiiacha tu siku hiyo ije ijifie yenyewe. Mvua ya kwanza ilikuwa imekwisha kunyesha, mashine za kupandia zilikuwa makondeni, na hakuna mkulima anayeulizwa yuko wapi wakati wa kupanda.

Sasa, katika barabara za Kurrabie, dereva akipishana na mwenzake huinua kidole cha shahada kutoka kwenye usukani. Hawapungi mkono, hawapigi honi. Ni kidole kimoja tu, na kidole hicho kimebeba salamu yote: u hai, ni hai, mvua ipo au haipo. Kumnyima mtu kidole ni kumwambia mbele ya mashahidi kwamba una neno naye. Zipo koo mbili huko ambazo hazijainuliana kidole tangu enzi za mababu, kwa sababu ya kisima.

Na tangu Pasaka Alwyn Pascoe hakuwa amemwinulia mtu kidole.

Wa kwanza kulileta neno hilo nyumbani alikuwa Noelene, aliporudi kutoka kanisani kupanga maua ya madhabahu.

"Alwyn, umegombana na akina Liebich?"

"Hapana."

"Trudi anasema umempita mumewe, Garnet, mara tatu kama unayepita mti."

"Sikumwona."

"Barabara imenyooka kama rula, na Garnet ana pikapu ya manjano."

"Basi sikuitazama."

"Na Bi Hentschke wa posta anauliza alikukosea nini. Anadhani ni ile keki yako ya machungwa aliyoinyima zawadi kwenye maonyesho."

"Keki ilikuwa mbichi katikati," alisema Alwyn. "Alihukumu vizuri."

Noelene alimtazama kidogo, akaenda kuteleka chai.

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, Garnet Liebich alikuja mwenyewe. Shamba lake lilipakana na la Alwyn kwa uzio wa bondeni. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, na pua yake ilikuwa imekwisha kukatwa mara mbili na madaktari wa ngozi, hata akawa akisema kwamba ikikatwa tena atavua miwani maana haitakuwa na pa kukaa. Siku hiyo hakusema hivyo. Alishika paja la kondoo lililofungwa kwa gazeti, akaliweka juu ya meza ya barazani.

"Mzee mwenzangu."

"Karibu, Garnet. Kaa."

"Sikai." Akakaa. "Nimekuja kusema mimi kabla kondoo hawajasema."

"Kondoo gani?"

"Usinifanyie hivyo, Alwyn. Unajua vizuri."

Alwyn hakujua. Garnet akajifuta shingo kwa kofia.

"Yule dume wangu mwenye uso mweusi. Januari alivunja uzio wa bondeni akaingia kwa majike wako. Mimi nilikuwa pwani navua samaki na shemeji. Niliporudi nikamkuta kule ametulia, amenona, kama bwana harusi. Nikamtoa. Nikafunga waya. Nikanyamaza. Nikajiambia labda alikuwa anapumzika tu."

Jikoni, dirisha likiwa wazi, Noelene alicheka kwa pua.

"Cheka, mama, cheka," alisema Garnet. "Mimi sijalala. Bwana huyu akaanza kunipita barabarani amekaza macho. Mara ya kwanza nikasema ni jua. Mara ya pili nikasema tayari, amejua. Mara ya tatu Trudi yuko kando yangu, akaniambia, nenda kaombe radhi, la sivyo utakula na mbwa."

"Majike wangu," alisema Alwyn polepole.

"Juni utapata wana-kondoo wenye nyuso kama masizi ya jiko. Si wote. Wengine."

Mtu wa nchi nyingine huenda asilipime jambo hili. Kundi lile la kondoo wa sufu nyeupe lilianzishwa na baba yake Alwyn, akalichuja kizazi baada ya kizazi, na Alwyn hakuwahi kuliingizia dume ambaye haujui ukoo wake. Alijua kwamba anapaswa kukasirika. Aliketi akaingoja hasira, kama mtu anayefungua bomba na kungoja maji, akisikiliza. Halikutoka hata tone.

"Sawa," alisema.

"Sawa?" Garnet alionekana kama aliyetukanwa. "Wiki mbili situlii, halafu unaniambia sawa? Nitukane basi, bwana. Marehemu baba yako angenitoa hapa kwa bunduki."

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kukasirika. Nimejaribu sasa hivi." Alwyn aliutazama mkono wake wa kulia juu ya meza, umefungwa vifungo. "Sikukunyima kidole, Garnet. Sikukuona. Simwoni mtu. Naondoa basi nyumbani, mara niko shuleni watoto wanashuka, na ile njia ya katikati siikumbuki."

Garnet aliishusha kofia magotini. "Ni huo mkono?"

"Kuna tezi kwapani. Wanataka kuitazama Alhamisi hii inayokuja. Sikuwa naenda."

Maji yaliyokuwa yakitiririka jikoni yakakatwa.

Noelene alitoka na kitambaa cha vyombo mkononi. Alisimama mlangoni akikikunja kitambaa kile vizuri, pembe kwa pembe.

"Uliniambia wamemaliza."

"Ndiyo."

"Nikakupikia nguruwe wa kuokwa siku ile. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, nawe ukasema amina."

"Ndiyo, Noelene."

Garnet aliinuka. "Mimi nadhani nita..."

"Kaa, Garnet," alisema Noelene bila kumgeukia, naye akakaa. "Basi la shule utalichukua wewe kuanzia Jumatatu."

"Mimi? Sawa, mama. Nitaliendesha polepole. Nitaliendesha kama Alwyn."

"Usiliendeshe kama Alwyn. Alwyn haioni barabara. Ana watoto wa watu mgongoni na haioni barabara." Sauti yake haikupanda. Hapo tu ndipo Alwyn alipolisikia alilolisema mwenyewe, kwamba kila siku ya shule, asubuhi na alasiri, amebeba watoto wa watu kupitia mahali asipokuwapo. Alilielewa kwa akili. Lilikaa akilini, safi na baridi, halikushuka.

Garnet aliaga kwa maneno machache kuliko alivyowahi kuaga maishani mwake, akasahau kuchukua kofia.

"Ulidhani ukinyamaza itakuwaje?" aliuliza Noelene walipobaki wawili.

"Sikudhani kitu. Ndilo jambo lenyewe. Najua ni la kuogopa, nami nalitazama kama mali ya mtu mwingine."

"Na mkono unaokwenda kwapani? Ulidhani sikuuona? Nilidhani shati linakubana. Nimekununulia mashati mawili makubwa."

Hakulia. Alikaa mahali pa Garnet, akavuta kiti karibu, akaomba kwa sauti pale pale, mchana, bila kufumba macho. Alwyn alisema amina baada ya kukawia. Wapo wacha Mungu wanaodhani kwamba sala ya moyo mkavu haipandi. Noelene hakuwa miongoni mwao. Aliipokea amina ile iliyochelewa, akaenda kulitia lile paja kwenye jokofu.

Alhamisi walitoka kungali na umande, Noelene kwenye usukani. Hospitalini Alwyn alilala chali, mkono juu ya kichwa. Kijana wa kiume akampaka kwapani kitu cha baridi kama uji uliolala, akapitisha kifaa huku na huku, na mkono wa kushoto, uliokuwa umefanya kazi hiyo kwa majuma, ulilala juu ya tumbo bila la kufanya. Yule daktari bingwa akaja, akaitazama picha kwa muda. Noelene alikuwa amesimama ukutani, mkoba ameukumbatia.

"Tezi imevimba kwa sababu ya kidonda chenyewe, na sasa inapungua," alisema daktari. "Leo sioni saratani ndani yake. Siwezi kukuapia kuhusu mwaka ujao. Tutaitazama tena Agosti, na kila baada ya miezi michache kuanzia hapo."

Noelene alifunika uso kwa mkoba.

Njiani kurudi walisimama kwenye duka la mikate, wakala mkate wa nyama kwenye benchi, malori ya ngano yakipita. Noelene alikuwa ameyaosha macho yake, lakini yalibaki mekundu.

"Sema," alisema. "Usiniambie wamemaliza."

Alwyn alitafuna hadi mwisho. "Nilidhani nikisikia vile nitafurahi. Nimekutazama ukifurahi, nikajua hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kwangu hakukuja kitu, Noelene. Na jana vilevile, nilipodhani huenda nimekwisha, hakukuja kitu."

"Na Agosti?"

"Agosti itanitisha, nadhani. Itanitisha bila mimi kujua."

Noelene alipangusa makombo gotini. "Nimemwambia daktari. Ulipokuwa unavaa shati. Kuna mama mmoja anazungumza na watu waliopitia haya, anakuja mjini kwetu kila Jumanne. Daktari amesema ganzi hii si ngeni kwa mama huyo."

"Nitamwambia nini, nami sina la kumwambia?"

"Utakaa kimya mbele yake, badala ya kukaa kimya mbele yangu. Nipumzike."

Lori lilipita, benchi likatikisika chini yao.

"Nitakwenda," alisema. "Sijui kama nataka. Lakini nimekuambia wewe kwamba nitakwenda."

Noelene aliutazama uso wake kwa makini, akiutafuta uongo kama alivyopaswa kuutafuta tangu Machi. Alipoona haumo, alikusanya karatasi za mkate, akaenda kuzitupa.