Mkono Wangu Kwenye Mengineyo

Chumba namba tatu cha jengo la ushirika, pale Mbulu mjini, siku hizi kinauza kava za simu. Kila nikipita nachungulia, na kijana wa dukani ananikaribisha akidhani nimekuja kununua. Mimi natafuta harufu. Enzi za mama chumba kile kilinukia uzi mpya na vitunguu saumu, kwa sababu ukuta wa nyuma ulipakana na ghala la chama. Mama alifuma masweta ya shule, na kwa baridi ya Mbulu hakukosa wateja. Sisi watoto tulimshikia uzi. Unanyoosha mikono mbele, uzi umezungushwa juu yake, mama anauvuta akiuviringisha kuwa bonge. Mikono ikilegea, anasema bila hata kukutazama, "Inua." Niliichukia kazi ile kupita kiasi. Leo ningeifanya kutwa nzima.

Baba alipofariki, uanachama wake wa ushirika ulikuja kwangu, maana aliniandika mimi kuwa mrithi. Mama akabaki mpangaji tu. Mimi nilikuwa nafundisha Gitting, kule Hanang, na mkutano mkuu wa mwaka, tusidanganyane, nilisafiri kwenda kula pilau. Mkutano ulifanyika ukumbini, ndani ya jengo lile lile.

Mwaka mmoja ajenda tatu zilituchukua asubuhi nzima. Tukafika mengineyo, ile ajenda ya mwisho ambayo watu huitumia kulalamikia choo na mbwa wa mlinzi. Pilau ilikuwa inanukia nje, na mimi nawaza gari la kurudi Hanang. Mwenyekiti wa bodi akasema harakaharaka kuwa baadhi ya vyumba vimechakaa, kuna mtu anataka kuvinunua, wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono ikanyooshwa, na wangu ukiwemo. Sikusikia ni vyumba gani. Nilichotaka ni mkutano ufungwe.

Baada ya miezi miwili mama akaletewa barua ya kuhama. Alinipigia simu, akanisomea neno kwa neno, kisha akaniuliza nasemaje.

"Mama, hao ni wezi," nikamwambia. "Tutakwenda nao barazani."

Habari ya mkono sikuisema.

Wanachama kadhaa tukafungua kesi kwenye baraza la ardhi na nyumba, tukitaka mauzo yafutwe. Ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, mwaka ukaisha na wa pili ukaanza, mpaka kila mtu akawa na mahali pake kwenye lile benchi. Mama hakukosa hata siku moja. Alikuja na kitenge chake cha kanisani na sweta lililo kwenye sindano, akawa anafuma huku anasikiliza.

Bodi walileta muhtasari wa mkutano. Kwa mujibu wa karatasi zile, uuzaji ulikuwa ajenda ya nne, ukajadiliwa kwa kina na kupitishwa kwa kauli moja. Nilitamani kucheka. Lakini mashahidi wetu nao walikuwa balaa. Wa kwanza aliapa kuwa wakati wa kunyoosha mikono alikuwa ametoka kwenda chooni. Wa pili, chooni. Wa tatu akapanda, naye chooni. Mwenyekiti wa baraza akavua miwani.

"Hicho choo cha ushirika kina milango mingapi?"

Ukumbi mzima ukacheka. Wakili wetu hakucheka. Aliniinamia sikioni akasema tukiendelea hivi hakuna atakayetuamini, na chumba cha mama kitakwenda. Kisha akaniita mimi.

"Na wewe, shahidi, ulikuwa chooni?" mwenyekiti akauliza.

"Hapana, mheshimiwa. Nilikuwa ukumbini. Nilinyoosha mkono."

Nikatoa barua ya kuitwa mkutanoni, ambayo nilikuwa bado ninayo. Ilikuwa na ajenda tatu na mengineyo, na neno kuuza halikuwemo popote. Nikaeleza kuwa jambo lenyewe halikujadiliwa hata dakika moja, tulikuwa na njaa. Yote hayo niliyasema nikiitazama saa ya ukutani, ambayo ilikuwa imesimama. Aibu niliyoisikia siku ile bado naijua ilivyo. Sindano za mama zilinyamaza kidogo, kisha zikaendelea.

Tulishinda. Baraza lilisema kuuza vyumba vya chama si jambo la kuchomekwa kwenye mengineyo bila wanachama kupewa taarifa, na mauzo yakafutwa. Wenzangu walikwenda kusherehekea. Mimi nilimfuata mama chumbani kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa kwenye kigoda cha utotoni, magoti yakanifika kidevuni. "Mama, nisamehe. Sikujua kama ni chumba hiki."

Alikuwa anatafuta ncha ya uzi. "Nilikuona siku ile ile ya mkutano, na maneno ya mwenyekiti niliyasikia," akasema, akionyesha kwa kidevu kidirisha kinachotazama ukumbini. Nilikuwa nimekisahau kabisa. "Mkono wako nitaacha kuujua?"

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani umeamua nipumzike. Nikasema basi, mtoto ameona nimezeeka."

Nikainama nisimtazame. Chini ya meza palikuwa na maboksi mawili yamefungwa kamba, vumbi limejaa juu. Alikuwa amefungasha siku ile ile ya pilau.

"Nyoosha mikono," akasema.

Nikanyoosha, akanivisha uzi. Sikuishusha mikono mpaka uzi ukaisha wote.